Kupima ubora wa huduma ya afya ya akili: daftari, PHQ-9, QualityRights au kuwauliza wenyewe, uchukue kipi?

Kuna dada mmoja ana kituo kidogo cha kupokea akina mama waliokimbia vipigo, kaniuliza swali ambalo siku hizi naulizwa sana. Mfadhili wake anataka aonyeshe "mfumo wa kufuatilia ubora wa huduma ya afya ya akili" na kashatumiwa majina manne matano ya vifaa, achague. Nikaanza kumjibu kwa sauti kwenye simu, ikafika dakika kumi na moja na bado niko kwenye kifaa cha kwanza, nikaona bora niandike.

Mi ni afisa ustawi, nimezunguka sana kliniki za wilaya na vituo vya kulelea watu huku kanda ya ziwa, na hivi vyote ninavyovisema nimevijaza kwa mkono wangu, vingine nimevijaza vibaya. Kwahiyo hapa sitoi lekcha, nasema kila kimoja kinakupa nini, kinakuficha nini, na kinakula hela na muda kiasi gani.

Ila kabla ya hapo. Watu tunaowaongelea ni mgonjwa wa skizofrenia ambaye ndugu ndo wanamuamulia kila kitu, mtoto aliyetoka mtaani, mkimbizi kambini, mama ambaye akiwaudhi hapo kituoni hana pengine pa kulala. Mtu akinyolewa vibaya saluni atagomba au atahamia saluni ya jirani, lakini hawa hawana pa kuhamia na wengi hawagombi. Kwahiyo mi kila kifaa nakiuliza swali moja tu: kinamuona nani, na nani hakimuoni kabisa? Mengine yote, sijui kina maswali mangapi, sijui kimetoka Geneva, yanakuja baadae.

DAFTARI LA KLINIKI

Hiki ndo kila mtu anacho tayari. Vituo vya Tanzania vina vitabu vya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya), unaandika wapya na marudio, unapiga tali, mwisho wa mwezi ripoti inaenda wilayani na inaingia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kenya wana KHIS ambayo nayo imejengwa juu ya DHIS2 hiyohiyo. Hakidai pesa mpya wala semina, na kinaenda mwaka mzima bila kusimama, hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, maana vifaa vingine vyote vinaanza kwa mbwembwe na mradi ukiisha navyo vinakufa.

Sasa ubaya wake. Siku moja nimekaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, akaja bibi mmoja, kadi kaifunga kwenye ncha ya kanga. Nesi anamjua. "Shikamoo bibi, mjukuu anaendeleaje?" "Marahaba, anaendelea hivohivo mwanangu." Vidonge vya mwezi vikahesabiwa, tali ikapigwa upande wa marudio, bibi akaondoka, haikufika dakika tatu. Nikamfuata nje nikamsalimia, nikamuuliza mjukuu mwenyewe alifika lini hapa mara ya mwisho. Akawaza kidogo, akasema tangu kabla ya masika ya mwaka juzi. Na dawa anameza? Akasema akimeza zote shingo inajikunja na mate yanamtoka, kwahiyo anampa nusu, zingine kazitunza ndani ya kopo la maziwa. Mtu yeyote wa kliniki anaijua hiyo shingo, ni haloperidol na kuna dawa ya kuituliza, inatakiwa tu mtu amuone huyo kijana kwa macho. Lakini kwenye daftari yule kijana ni mteja bora kuliko wote, hajakosa mwezi hata mmoja!

Yaani daftari linahesabu kadi. Na kuna jingine, kwenye kliniki nyingi za afya ya akili foleni kubwa ni ya watu wa kifafa, wanatibiwa dirisha hilohilo. Ni sawa wapate huduma, sina shida na hilo, ila ukichukua jumla ya mahudhurio ukasema "huduma ya afya ya akili imekua" unaweza ukawa unaongelea kifafa tupu huku wenye ugonjwa wa akili mkubwa wamepungua. Wapambanue kwanza.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Chora safu mbili kwa rula pembeni ya daftari, moja uandike nani kaja leo, mwenyewe au ndugu, nyingine mgonjwa ameonekana lini mara ya mwisho kwa macho ya mhudumu. Na kalenda ukutani unazungushia duara kila siku ambayo dawa fulani haikuwepo stoo. Kwa vitu hivyo vitatu utajua zaidi kuhusu ubora kuliko ripoti nyingi nilizosoma zenye grafu za rangi.

(Na tafadhali acheni kupiga picha kurasa za daftari na kurusha kwenye grupu la WhatsApp ili supavaiza aone kazi imefanyika. Majina yanasomeka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao tangu 2019, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, huyo ni jirani wa mtu.)

PHQ-9

Hiki ndo wafadhili wanakipenda kwa sababu kinatoa namba. Ni dodoso la kupima sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajibu hakuna hata siku moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku, unapata 0 mpaka 3, jumla inafika 27. Mipaka iko kwenye 5, 10, 15 na 20, kuanzia 10 kwenda juu ndo unaanza kushtuka kwamba hii ni sonona ya kutibiwa. Ni bure, hakuna leseni ya kulipia, kipo cha Kiswahili na kimeshapimwa huku kwetu, Kenya na Tanzania. Ukimpima mtu akiingia na ukampima tena baada ya wiki nane, alama zikishuka nusu unasema amepata nafuu, zikishuka chini ya 5 unasema amepona kwa kipindi hicho.

Kwenye karatasi ni dakika tano. Ukimsomea mtu asiyejua kusoma, mtoto analia mgongoni, ni robo saa na zaidi.

Nikupe swali la tano, linauliza kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi. Nimemuuliza mama mmoja, ameachwa na watoto watatu, akaniangalia kama mimi ndo mgonjwa. "Kaka, hicho cha kupita kiasi kiko wapi nikile?" Nikaandika nini hapo? Hamu anayo, chakula hana. Nesi niliyekuwa naye akasema weka 3, mwenzake akasema weka 0, tukabaki tunabishana na mama anatusikiliza. La saba nalo linatoa mfano wa kushindwa kutulia kusoma gazeti au kuangalia TV, kwa mtu ambaye hivyo vyote hana. Tafsiri nzuri zinabadilisha mfano, kwahiyo usichukue tu ya kwanza unayoikuta mtandaoni, kaa na watu watano wa eneo lako uisome kwa sauti uone wapi wanacheka na wapi wanakwama. Na watu wetu wengi hawasemi "nina huzuni", wanasema nina mawazo, nafikiri sana, moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto. Usipouliza kwa lugha hiyo utapata sifuri nyingi na utaandika wote ni wazima.

Swali la tisa ndo zito, linauliza mawazo ya kwamba ni bora ufe au kujidhuru. Tanzania bara kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kenya kifungu kama hicho Mahakama Kuu ilikifuta Januari 2025. Sasa unamuuliza mtu hilo swali na una fomu mkononi yenye jina lake, na hajui fomu inaenda wapi. Wengine watakwambia hapana, na usiwalaumu. Halafu akisema ndiyo saa kumi jioni siku ya Ijumaa, una nani wa kumpigia? Kama jibu ni "hakuna" basi usianze na PHQ-9, nasema hivyo bila kuzunguka, maana umemfungua mtu kidonda na huna hata bandeji.

Kosa kubwa lakini sio hayo, ni hesabu. PHQ-9 inampima mtu, haikipimi kituo. Angalia mfano huu, umeanza na akina mama kumi, wastani wao 16. Wanne kati yao wana 21 kila mmoja, hao ndo waliokuwa na hali mbaya na ndo wakaacha kuja, nauli, aibu, mume karudi. Waliobaki sita, piga mwenyewe, 160 toa 84 inabaki 76, gawa kwa sita unapata chini kidogo ya 13. Wastani umeshuka kutoka 16 mpaka chini ya 13 na hujamtibu mtu hata mmoja! Na ripoti itaandikwa "maendeleo mazuri". Nimeona ripoti za namna hiyo, na moja nimeiandika mimi, niliigundua mwaka uliofuata wakati natafuta kitu kingine kabisa kwenye eksel. Kwahiyo ukitumia PHQ-9 linganisha mtu na yeye mwenyewe, na walioacha waandike kwenye mstari wao peke yao, juu kabisa ya ripoti, usiwafiche chini.

Na haifai kwa kila mtu. Mwenye saikosisi (anasikia au kuamini visivyokuwepo) au maniki (amechangamka kupita kiasi) sio ya kwake, mtoto sio ya kwake (wadogo wana SDQ, dodoso la hisia na tabia za watoto, maswali 25, hiyo ni habari nyingine).

QUALITYRIGHTS

Hiki ni cha Shirika la Afya Duniani, kimetoka 2012, kimejengwa juu ya ule mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009. Kinaangalia kituo chenyewe: mafungu matano, viwango 25, vigezo 116. Kwa maneno ya kawaida fungu la kwanza ni hali ya maisha, kitanda, chakula, choo, mavazi, kuongea na watu. La pili ni matibabu yenyewe, ya akili na ya mwili, maana kuna watu wanakaa wodini miezi na jino linawauma hakuna anayeuliza. La tatu ni kuamua mambo yako mwenyewe, umekubali kulazwa au umeburuzwa, dawa umeelezwa au umeshikwa ukachomwa. La nne ni kipigo, kufungwa, kufungiwa chumba cha peke yako, ukatili wa aina yoyote. La tano ni je, kituo kinamsaidia mtu arudi kuishi na wenzake nje.

Timu inaenda, inatembea, inasoma mafaili, inahoji wagonjwa, ndugu na wafanyakazi, kila kiwango kinapewa hukumu, kimetimia, kimetimia kwa sehemu, kimeanzishwa tu, au hakijaanzishwa. Na kwenye timu lazima wawemo watu ambao wenyewe wamepitia hizo huduma. Hapo wengi wanaruka, wanaweka daktari, nesi, mwanasheria na mtu wa wilaya, halafu anaitwa "mwakilishi wa watumiaji" anakaa kona na soda.

Nilijifunza kwa nini sio pa kuruka. Tulienda mahali fulani, sipataji, wataalamu tukakimbilia ofisini kwenye mafaili. Tulikuwa na kaka mmoja ambaye alishawahi kulazwa mara tatu miaka ya nyuma, yeye akanyoosha moja kwa moja chooni. Akarudi akasema, komeo liko nje. Tukatoka wote kwenda kuangalia. Kweli, milango yote ya vyoo upande wa wanawake komeo liko nje, ndani hakuna kitu, mtu anayejisaidia hawezi kujifungia ila anaweza kufungiwa. Mimi nilipita pale mara mbili na sikuona. Halafu akatuonyesha mashuka, yana mistari ya kukunjwa bado, yametolewa kwenye pakiti asubuhi hiyohiyo maana walijua tunakuja. Ndo maana ziara ya kushtukiza inatakiwa iwepo hata mara moja. Ikipigwa simu wiki moja kabla unakagua maandalizi tu.

Je kinabadilisha kitu au ni kelele tu? Gujarat kule India walikitumia kwenye hospitali na vituo vya umma, pamoja na mafunzo na mpango wa kurekebisha, na baada ya mwaka ubora ulipanda kuliko vituo ambavyo havikufanyiwa. Ulaya wamekagua nacho taasisi za nchi zaidi ya 20. Kenya na Ghana zimefundisha watu wengi kupitia kozi yake ya mtandaoni. Kenya pia ukaguzi wa nje una historia yake, 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti nzito juu ya mfumo mzima ulivyotelekezwa, 2013 wagonjwa 40 wakatoroka Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi, kwa mkupuo, 2020 kikosi kazi cha Dkt. Frank Njenga kikasema hali itangazwe kuwa dharura ya taifa, na marekebisho ya sheria yakapita 2022. Hesabu mwenyewe, ripoti ya kwanza mpaka sheria ni miaka 11. Ukaguzi una nguvu ila sio ya haraka, usimuahidi mgonjwa kwamba wiki ijayo godoro litabadilika.

Gharama, kitabu chenyewe ni bure kupakua, kinachokula hela ni watu. Timu ya watu watano sita, semina ya siku kadhaa, siku mbili tatu kituoni, posho, nauli, na siku zingine za kubishana viwango vipi vipewe "kwa sehemu". Huwezi kufanya kila mwezi. Kila mwaka au miaka miwili, ndo uhalisia. Na kwa kliniki ya nje ambapo hakuna anayelala, sehemu kubwa ya fungu la kwanza haikuhusu sana.

Kitu cha mwisho hapa, na wanaonijua wanajua nalisema kila mahali: usiende kukagua kama mwenye kituo hajakubali kwa maandishi kwamba mgonjwa aliyeongea hataguswa. Ninyi mnaondoka na gari saa tisa, yeye analala hapo.

KUWAULIZA WENYEWE

Nianze na sanduku la maoni maana kila ukuta una moja. Kituo kimoja walilifungua mbele yangu baada ya miezi, ufunguo anao matroni, na ndo huyohuyo ambaye watu wangemlalamikia. Ndani kulikuwa na karatasi mbili na ganda la pipi. Ya kwanza "asanteni kwa huduma nzuri", mwandiko wa kalamu nyekundu ambayo hapo ndani anayo mtu mmoja tu. Ya pili imeandikwa "maji". Neno moja. Hiyo karatasi ya pili ilikuwa ya maana kuliko fomu zote tulizobeba, na ilikaa humo sijui tangu lini.

Mahojiano ya mlangoni wakati mtu anatoka nayo ni hivyohivyo, ukimuuliza mama "umeridhika na huduma?" atasema ndiyo mwanangu Mungu awabariki, maana wiki ijayo anarudi kwa nesi yuleyule na pia kwetu kumlalamikia mtu aliyekupa dawa bure ni kama kukosa shukrani. Asilimia yako ya walioridhika itakuwa juu ajabu, na haina maana yoyote.

Kinachofanya kazi ni viwili. Kwanza uliza tukio badala ya hisia. Mara ya mwisho ulipokuja ulikaa benchi kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Uliambiwa hii dawa ni ya nini, na ikikusumbua ufanyeje? Kuna siku ulirudi bila dawa? Kuna siku ulitoa hela? Uliongea na nesi mlango umefungwa au foleni yote inasikia? Mtu anayeogopa kulalamika anaweza bado kujibu saa ngapi.

Pili, anayeuliza awe mtu aliyepitia. Kenya kuna USP Kenya, chama cha watu wenyewe waliotumia huduma hizi, na vyama vya namna hiyo vipo sehemu nyingi hata kama vidogo. Mimi na fomu yangu nikikaa na kijana naambiwa "poa tu bosi". Yule kaka wa komeo akikaa nae chini ya mwembe wanaanza na stori za sindano ya mwezi, inavyouma kalio mpaka Jumapili, na baada ya nusu saa mambo yote yametoka, nani anapiga, nani anachukua sabuni. Mlipe. Watu wanawaita hawa "wa kujitolea" miaka nenda rudi huku mshauri wa nje analipwa kwa dola.

Udhaifu wake ni kwamba watu kumi sio takwimu, mfadhili atakwambia hivyo na hakosei, na mtu aliye kwenye hali mbaya siku hiyo hawezi kuhojiwa. Pia inatakiwa mtu wa kuandika vizuri, maana stori bila mpangilio zinabaki stori.

Viwili vya haraka haraka. ENACT, ilianzia Nepal, inampima mshauri mwenyewe, anaigiziwa mgonjwa na mwingine anaangalia kama anasikiliza, anaeleza siri zinatunzwaje, anauliza kuhusu kujidhuru. Kama unatumia washauri wa jamii ambao sio wataalamu, mfano wanaofanya PM+ (ushauri mfupi wa WHO) ya vikao vitano ambayo ilijaribiwa Nairobi kwa akina mama waliopitia ukatili, hii ni nzuri sana na WHO na UNICEF wameiweka bure kwenye EQUIP, jukwaa lao la mtandaoni la kupima na kufundisha washauri. Nimeitumia mara mbili tu ila zote nilimgundua mshauri ambaye anaongea asilimia tisini ya muda. Halafu HESPER, hii ni ya kambini na baada ya majanga, mahitaji 26, maji, chakula, usalama, kuwa mbali na familia. Kwa mtu wa kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu au Kakuma ningeanza nayo kabla ya PHQ-9, angalau lile swali la kula halitakuaibisha.

SASA UCHUKUE KIPI

Watu wakilala kwako, yaani wodi, makazi, kituo cha watoto, nyumba ya kiroho inayopokea wagonjwa, kisha mlango una kufuli hata kama mnasema ni kwa usalama wao, QualityRights haikwepeki. Hata kama huwezi yote, fungu la nne na la tatu kwanza, na mtu aliyepitia awe kwenye timu. Hakuna namba ya PHQ-9 itakayokuonyesha komeo.

Kama ni kliniki ya nje ya wilaya, nesi mmoja na foleni ya watu sitini, usimuongezee fomu. Nimesema nesi mmoja. Daftari, safu mbili za rula, kalenda ya dawa, basi. Ukimpa PHQ-9 ya kila mgonjwa atajaza zote saa nane mchana akiwa anakunywa chai, 2, 1, 2, 1, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya anaweza kuchukua majina ya wale ambao hawajaonekana miezi sita na kuwapa wahudumu wa ngazi ya jamii wakawatembelee.

Kama ni mradi wa ushauri nasaha kwa watu wenye sonona na hofu, akina mama, vijana, watu wanaoishi na VVU, hapo ndo PHQ-9 ina nyumba yake, ukiwa na njia ya swali la tisa na ukiwahesabu walioacha. Ongeza ENACT mara mbili kwa mwaka.

Na yule dada wa kituo cha akina mama? Yeye watu wanalala kwake na pia anatoa ushauri, kwahiyo yuko katikati. Nilimwambia achukue PHQ-9 kwa ajili ya mfadhili kwa sababu bila hiyo hapati hela, sio siri, lakini pesa ya kufuatilia aiweke kwa mama mmoja aliyewahi kukaa hapo akatoka salama, arudi mara moja kwa mwezi, akae na wakaaji bila mfanyakazi yeyote kuwepo, na anachokileta kisomwe na bodi na sio na matroni. Akauliza je wakisema uongo. Nikamwambia watasema, na sisi pia tunasema kwenye ripoti.

Kama una laki moja tu kwa robo mwaka nzima usiitumie kuprinti fomu. Chukua majina kumi ya watu ambao kadi zao zinakuja bila wao, panda bodaboda, nenda. Yule mjukuu wa bibi wa kanga tulimfikia kwa bodaboda ya elfu nne kwenda na kurudi. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kivulini, hakufungwa kamba kama nilivyokuwa nahofia, shingo imekaa upande, na cha kwanza alichoniuliza ni kama kliniki bado ipo palepale.